Chunusi za ukubwani kwenye ngozi nyeti: nunua vitu vinne, kwa mpangilio huu

Ngozi inayotoa chunusi na kuwaka kila ikipakwa kitu kipya haitaki makopo kumi. Vitu vinne vinatosha. Pesa ikiwa haba, anza na viwili vya kwanza, dawa isubiri.

1. Sabuni ya uso. Chukua ya jeli au ya maji, isiyo na manukato. Sabuni ya kipande, hata inayoitwa ya dawa, mara nyingi ina pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 9 hadi 10, na ngozi hukaa karibu na 5. Ule mkakamao wa uso baada ya kunawa si usafi, ni ngozi imeumizwa. Nawa kwa viganja, asubuhi na usiku. Dodoki liachie miguu.

2. Losheni ya uso. Nyepesi, yenye gliserini au seramidi (mafuta kama yale ya asili ya ngozi). Mafuta ya nazi na siagi ya kakao yabaki mwilini, usoni huziba vinyweleo.

3. Losheni ya kukinga jua. SPF (kipimo cha kinga dhidi ya jua) 30 au zaidi, kiasi cha mistari miwili iliyochorwa juu ya vidole viwili, kwa uso na shingo. Nyingi zenye madini humfanya mtu mweusi aonekane amepakwa unga. Tafuta iliyotiwa rangi. Usiiruke, maana jua ndilo linalokoleza madoa yanayoachwa na chunusi.

4. Dawa, moja tu. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa kuchanganya tatu wiki moja. Kwa ngozi nyeti tunazipanga hivi:

Ya kwanza ni asidi ya azelaiki ya 15% au 20%. Inapunguza chunusi na madoa pamoja, na mjamzito anaweza kuitumia. Huwasha kidogo siku za mwanzo, na bei yake inauma.

Ya pili, adapalini ya 0.1%. Kwa vipele vidogo vilivyoziba inaishinda ya kwanza, ila ni kali zaidi na mjamzito asiiguse. Nawa usiku, subiri uso ukauke kabisa, paka losheni, kisha dawa kiasi cha punje moja ya njegere uso mzima, si juu ya kipele kimoja. Usiku mbili kwa wiki kwanza; ngozi ikizoea, ongeza. Ukiipaka uso ukiwa na maji, itakubabua. Vipele vyaweza kuongezeka wiki za mwanzo, kwa hiyo ipe wiki 8 hadi 12 kabla ya kuihukumu.

Ya tatu, benzoili peroksaidi ya 2.5%, kwa chunusi zenye usaha. Ya 10% haizidi sana kwa kutibu, inazidi kwa kuunguza. Ukipata ya 5% tu, paka dakika tano kisha osha. Tumia taulo na foronya nyeupe, maana hii hung'oa rangi ya kitambaa.

Asidi ya salisiliki ya 2% ni ya mwisho: inafaa vinyweleo vilivyoziba vyenye vichwa vyeusi puani, si zaidi.

Krimu isiyo na orodha ya viambato inayofuta chunusi kwa siku tatu iache dukani. Huenda ina steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) kali kama klobetasoli, na wakati mwingine zebaki. Uso utang'aa, lakini ukiiacha vipele hurudi kwa kundi. Aliyekwisha kuitumia kwa miezi asiikate ghafla. Aende nayo, kopo lenyewe mkononi, kwa daktari wa ngozi.