Mizuka na mumia wa keki za pakiti: uzoefu wangu wa Halloween bila oveni

Huu ni mwaka wa tatu mfululizo nafanya hivi hapa Lexington, Kentucky. Halloween, ule usiku wa mapambo ya kutisha wa tarehe 31 Oktoba, unapokaribia nanunua keki za pakiti, zile ndogondogo za dukani zilizofungwa mojamoja au mbilimbili, nakaa mezani na wanangu wawili, na tunazigeuza mizuka, buibui na mumia, wale maiti wa Misri ya kale waliofungwa vitambaa. Mwaka wa kwanza oveni yetu ilikuwa imeharibika na fundi hakuja mpaka Novemba. Miaka iliyofuata ilikuwa nzima, na bado sikuiwasha.

Nafanya kazi ghalani zamu ya usiku. Kupima unga, kupiga mayai, kuoka na kusubiri keki ipoe ndipo uipambe, huo ni muda wangu wa kulala. Ila kilichonifanya nirudie ni mwanangu mdogo, ana miaka sita. Kwenye oveni simruhusu kusogea. Lakini kuchovya keki kwenye bakuli, kuisimamisha kwenye karatasi na kuibandika macho ya sukari, anafanya mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, na asubuhi yake anaijua ipi ni yake kati ya ishirini.

Kwa wanaotaka jibu la haraka: keki nazipa nyota nne kati ya tano. Ni tamu kupita kiasi, na ukiongeza chokoleti juu yake, mtoto mmoja kipande kimoja kinamtosha.

Sasa keki zenyewe, maana si kila moja inafaa kwa kila kitu.

Kwa buibui, sijaona inayozishinda Swiss Rolls za Little Debbie. Kisanduku kina roli kumi na mbili, mbilimbili kwenye pakiti. Zimeshafunikwa chokoleti kiwandani, kwa hiyo kazi ya kuchovya haipo. Unachukua vijiti vyembamba vya biskuti za chumvi, unavivunja vipande vya urefu wa kidole, unachomeka vinne upande huu na vinne upande ule, halafu unabandika macho mawili kwa tone la chokoleti. Chumvi ya vijiti inapunguza utamu, ndiyo maana buibui ndiyo inayoisha kwanza kwetu, hata kwa watu wazima. Toboa kwanza kwa kijiti cha kuchokolea meno kabla ya kuchomeka mguu, la sivyo ganda la chokoleti linapasuka. Binti yangu mkubwa ndiye aliyegundua hilo, na ndiye aliyemsahihisha mdogo wake aliyeweka miguu sita: sita ni ya wadudu, buibui ana minane.

Jirani yangu Msabato ndiye aliyenieleza kwamba kampuni inayotengeneza keki hizi, McKee Foods, iko Collegedale, Tennessee, jimbo tunalopakana nalo, na kwamba familia iliyoianzisha ni ya Wasabato. Jina Little Debbie walilianza mwaka 1960, ni la mjukuu wao. Tangu siku hiyo ile picha ya msichana mwenye kofia kwenye kisanduku naiangalia kwa macho mengine.

Kwa mumia, Twinkies, keki laini zenye krimu ndani. Kisanduku kina kumi. Umbo lake refu la mviringo ni mwili wa mtu aliyefungwa sanda tayari, unachoongeza ni vitambaa tu. Chovya keki kwenye chokoleti nyeupe, iache igande, kisha chota chokoleti kidogo kwa uma na uipitishe huku na huku juu yake ianguke kama nyuzi. Usizipange nyuzi. Zikikatana ovyo ndipo zinapofanana na sanda. Macho yabandike kabla nyuzi hazijakauka, na uzi mmoja upite juu ya jicho kidogo, hapo mumia anakuwa kama anakuchungulia.

Twinkies zilibuniwa mwaka 1930 na James Dewar, mwoka mikate wa Illinois. Kiwanda kilikuwa na mashine za keki za stroberi ambazo zilikaa bure msimu wa stroberi ulipopita, akaona azitumie. Krimu ya kwanza ilikuwa ya ndizi. Vita Kuu ya Pili ilipofanya ndizi ziwe adimu Marekani, wakabadili kuwa vanila, na vanila ikabaki. Natamani ningeionja ile ya ndizi.

Wakati wa kutengeneza mumia ndipo nilipowasimulia wanangu habari za mumiani. Kwetu Tanga, tulipokuwa wadogo, giza likiingia tuliambiwa turudi ndani mumiani wasije wakatunyonya damu. Hatukujua kwamba neno hilo na mumia wa Misri lina asili moja, ile dawa nyeusi kama lami waliyokuwa wakiiuza wafanyabiashara wa zamani. Mwanangu mdogo alisikiliza huku ameshika keki mkononi, halafu akaibandika macho matatu, akasema huyu wake anaona hata nyuma. Nimekwisha kuwaza sana kuhusu Halloween na kama ni yetu au si yetu. Jioni ile niliona kwamba hadithi za kutisha za kwetu nazo zimepata pa kukaa.

Zebra Cakes nazo ni nzuri kwa asiyetaka kuchovya kabisa, kwa kuwa zina sukari nyeupe juu na michirizi ya chokoleti. Bandika macho, chora mdomo, mzuka umekamilika. Dakika mbili.

Mwaka jana nilijaribu kubana matumizi, nikanunua keki za jina la duka lenyewe, za bei ndogo. Zilikuwa kavu, zikamomonyoka ndani ya bakuli na chokoleti yote ikajaa makombo. Nilipata nafuu ya dola moja kwenye keki, nikapoteza mfuko mzima wa chokoleti. Kabla ya kununua, bonyeza pakiti kidogo kwa kidole: ikirudi, inafaa.

Hapa kwenye chokoleti ndipo watu wengi wanaposhindwa, na ndipo niliposhindwa mimi mara ya kwanza. Chokoleti ya kawaida ina siagi ya kakao, na hiyo ukiiyeyusha bila kuidhibiti joto lake kwa utaratibu maalumu, inaganda vibaya: inapauka, inabaki laini, inashika vidole. Ya kuyeyushia, ile ya vidonge bapa kama Candy Melts za Wilton, imewekewa mafuta ya kokwa za mawese badala ya siagi ya kakao. Inaganda yenyewe mezani. Mfuko wa gramu 340 ulinitosha kuchovya Twinkies kumi na nyuzi zake.

Weka vidonge kwenye bakuli la glasi, maikrowevu iwe nusu ya nguvu, sekunde 30, toa, koroga, rudisha. Usingoje vidonge vipoteze umbo ndipo useme vimeyeyuka. Vinaweza kuwa vimeshalainika na bado vinaonekana vizima, mpaka mwiko uviguse. Ukipitiliza, inaungua, inakuwa kama ugali ulioshika, na hairudi tena.

Na maji! Mara ya kwanza nilikoroga kwa kijiko nilichokuwa nimekiosha muda huohuo. Tone moja lililobaki kwenye mpini liliteremka, na bakuli zima likagandamana mabonge. Sukari iliyomo ndani hushikana mara ikipata unyevu kidogo. Tangu hapo nafuta bakuli, kijiko na mikono ya watoto kwa taulo kavu kabla hatujaanza. Rangi za kawaida za keki nazo zina maji, zinaharibu vilevile, kwa hiyo ukitaka rangi ya chungwa au ya kijani nunua vidonge vyenye rangi tayari, au rangi ya chakula iliyotengenezwa kwa mafuta. Ikiwa nzito, ongeza kijiko cha chai cha mafuta ya nazi. Siagi usiweke, nayo ina maji.

Keki ziingize kwenye friza dakika 15 hadi 20 kabla ya kuzichovya, ziwe ngumu kidogo zisimomonyoke. Usiku mzima ni kosa. Nilijaribu: keki ilikuwa barafu, chokoleti ikaganda papo hapo, na ilipoanza kupata joto ganda lote likapasuka. Zikishakamilika zikae kwenye kopo lenye kifuniko, mahali penye ubaridi, si kwenye friji. Zikitolewa kwenye friji hutoa jasho na macho ya sukari hulia rangi nyeusi mashavuni. Kwetu hukaa siku tatu vizuri, lakini hazijawahi kufika ya nne.

Kuna jambo lingine ambalo nalichukulia kwa uzito kuliko mapambo. Majirani zetu ni wa kila namna. Kuna Wakongo kutoka Bukavu na Uvira, kuna Wasomali, kuna Waislamu na Wakristo, na mtoto mmoja wa ghorofa ya juu akila karanga anakimbizwa hospitali. Kwa hiyo visanduku sivitupi. Navikata upande wenye orodha ya viambato na kuvibandika ukutani juu ya meza. Sheria ya Marekani inataka vizio vikuu, yaani vyakula vinavyowadhuru wenye mzio, viandikwe wazi, na tangu mwaka 2023 ufuta umeongezwa, vimekuwa tisa. Mama Mwislamu akija na wanawe, namwonyesha orodha kabla mtoto hajanyoosha mkono: keki nyingine zina mafuta ya wanyama, na mashimelo nyingi za hapa, zile peremende laini nyeupe, zimetengenezwa kwa jelatini ya nguruwe, ndiyo sababu sitengenezi mizuka ya mashimelo. Mlangoni tunaweka pia boga la rangi ya samawati-kijani. Ni alama iliyoenezwa na FARE, shirika la Marekani linaloshughulikia mzio wa vyakula, tangu mwaka 2014, maana yake nyumba hii ina zawadi zisizo za kula, na mtoto yule wa juu huondoka na penseli na vibandiko akiwa amefurahi kama wenzake.

Shuleni usipeleke kabla ya kuuliza. Ya wanangu hupokea vyakula vilivyofungwa kiwandani tu, na keki ukishaifungua na kuichovya si ya kiwandani tena. Nilifika na sinia, nikarudi nalo. Uamuzi wao naukubali, ila ningependa tangazo lingekuja kabla ya mimi kukosa usingizi.

Wapo pia Waswahili wenzetu wasioiadhimisha siku hii kwa imani yao, na kanisa letu lenyewe tarehe 31 hufanya sherehe ya mavuno, bila mizuka. Keki zilezile zilifaa: tulichukua keki za mviringo, tukazichovya kwenye chokoleti ya rangi ya chungwa, tukachora mistari kwa ncha ya kijiti ikiwa bado mbichi, tukasimamisha kipande cha kijiti cha biskuti juu kama kikonyo. Maboga ishirini na manne. Mama wa Bukavu aliyekaa karibu nami alisema kwao boga huchemshwa, na wiki iliyofuata akaniletea bakuli la boga lenyewe, limepondwa na maharage, likiwa la moto.

Mwaka huu binti yangu ameomba popo. Nimeshanunua biskuti za Oreo za kukata nusu ziwe mabawa, na kisanduku kimoja cha Swiss Rolls nimekificha juu ya kabati nyuma ya mfuko wa unga wa sembe, maana wameshaanza kukiulizia.