Glovu za dukani elfu 65, za mitumba elfu 25: mkono wangu baada ya miezi minane

Nianze na mkasi, maana ndio ulionishtua. Jumatatu moja mwezi wa pili nilikuwa nakata suti ya harusi kibandani kwangu hapa Moshi, kitambaa cha mteja, hela nimeshapokea na nimeshakula, na kidole gumba cha kulia kikakataa kuingia kwenye tundu la mkasi. Kimevimba pale chini kinapokutana na kiganja. Jumamosi iliyotangulia nilikuwa nimepiga begi la mazoezi raundi 6 na glovu mpya za ngumi nilizozitoa dukani kwa shilingi 65,000.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 41, na naenda mazoezi ya ngumi kwa sababu mgongo ulishachoka kukaa. Mkanda wa mtu siutaki. Anayetafuta maoni ya bondia hapa hatayapata. Mimi nitasema ninachokijua, yaani mshono, bitana, sponji, na jinsi mkono unavyoamka kesho yake.

Hizo za dukani ni nyekundu, zinang'aa, zina jina kubwa la dhahabu mgongoni. Jina silitaji, na sijui hata kama ni jina la kweli au la kubandikwa. Zimeandikwa aunsi 12. Muuzaji alinivisha, akanitegea kiganja nikapiga mara mbili, akasema, "Mama, hapo umepata." Nikaamini. Kumbe glovu ikiwa dukani haina ubaya, inapiga kiganja cha muuzaji tu.

Shida ya kwanza ni hilo gumba. Limeshonwa limesimama pembeni, kama la mtu anayekupa dole. Kuna kikamba cha kuliunganisha na mwili wa glovu, na kazi yake inajulikana: gumba lisimwingie mwenzio jichoni na lisipinduke. Sasa hicho kikamba wamekiacha kirefu, kinaning'inia. Ukipiga "huku", ile ngumi ya kuzungusha kutokea pembeni, gumba ndilo linalotangulia kufika. Na begi letu pale jimu limejazwa vitambaa na mchanga, mchanga wote umeshuka chini, kwa hiyo ukikosea ukampiga kitakoni ni sawa na kupiga mfuko wa sementi.

Halafu bitana. Imeshikwa mdomoni tu, huko ndani kwenye vidole inaelea. Mkono ukishatoa jasho, ukiuvuta, bitana nayo inatoka kama mfuko wa suruali uliopinduliwa. Jaribu kuirudisha ndani ukiwa umefunga bandeji mikono yote miwili na kocha anahesabu. Mimi raundi nyingi nilizianza nimechelewa, vidole viwili vikiwa upande mmoja wa bitana na viwili upande wa pili.

Kilichoniudhi hasa ni uzito. Aunsi moja ni gramu 28 na ushei, hivyo glovu ya aunsi 12 ilitakiwa iwe na gramu 340. Nilizipeleka kwa Mangi wa jirani, kwenye mizani yake ya kupimia sukari. Ya kushoto 291. Ya kulia 304. Yaani ni aunsi 10 na kidogo, na zenyewe kwa zenyewe hazilingani. Mangi akaniuliza nauza au nanunua. Unaweza kusema gramu 40 ni nini, lakini gramu hizo ndizo sponji iliyotakiwa kukaa kati ya mfupa wangu na ule mchanga. Bondia wa kulipwa wa uzito wa welter (kama kilo 67) kushuka chini hupanda ulingoni na aunsi 8, wazito kuliko hapo aunsi 10, ila yule anataka ngumi yake iingie. Mazoezini watu wazima wengi huvaa 14 au 16, waokoe mikono yao na sura za wenzao.

Masika yalipoingia, ile ngozi ya bandia ikaanza kubanduka magamba kama makochi ya sebuleni yaliyozeeka. Mwezi wa nne mshono wa kiganja wa ile ya kulia ukafumuka. Nikazirudisha dukani. Muuzaji yuleyule akaniwekea kidole kwenye risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Ni kweli imeandikwa. Nikarudi nazo kibandani, nikachukua wembe.

Juu kabisa, chini ya ngozi, nilikuta tabaka moja la sponji ngumu, nzuri kusema kweli, unene wa kidole. Chini yake ni vipande vya sponji ya godoro, rangi tatu tofauti, vimebandikwa kwa gundi. Gundi ilishaachia. Vipande vyote vimetelemkia upande wa kidole kidogo, na vile vifundo viwili vya kwanza, ambavyo ndivyo vya kupigia, vimebaki na tabaka moja. Uzi ni wa pamba, ule wa kushonea sare za shule, mishono mitano kwa inchi. Hapo sitaki kumwonea fundi mwenzangu: ngozi ukiishona karibu karibu sana unaitoboa mpaka inachanika kwenye mstari kama stempu. Lakini uzi wa pamba kwenye kitu cha kupigia, chenye jasho? Huyo alijua anachokifanya.

Mwezi wa tano nikaenda Memorial, soko letu la mitumba. Wa Moshi hahitaji kuelekezwa, ukikosa kitu Memorial umekosa bahati. Nilikuwa natafuta mapazia. Glovu zilikuwa zimening'inizwa katikati ya raba na mabegi ya shule, nyeusi iliyopauka kuwa kahawia. Nikaziminya, nikaingiza pua. Ngozi ya ng'ombe, hilo halikuhitaji kuulizwa. Kijana akaanzia elfu 35.

"Unamnunulia kijana wako, mama?"

"Nanunua zangu."

Alicheka mpaka akashika meza, tukamalizana kwa elfu 25. Nadhani elfu tano kati ya kumi alizopunguza ni za kicheko.

Zilikuwa zinanuka jasho la mtu nisiyemjua, wa nchi nisiyoijua. Nilizifuta ndani kwa kitambaa chenye maji na siki kidogo, nikazijaza magazeti, nikazianika kivulini siku tatu. Jua la Moshi usiliamini na ngozi, litaikausha mpaka ipasuke. Velkro ya kufungia ilishakufa, imejaa nywele na nyuzi. Nilinunua mpya ya shilingi 2,000. Cherehani yangu ikavunja sindano kwenye mkunjo wa kwanza tu, nikampelekea fundi viatu, akanishonea kwa 3,000. Jumla elfu 30.

Kocha wetu, ambaye hamalizi dakika kumi bila kumtaja bondia wetu Michael Yombayomba na dhahabu yake ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, Kuala Lumpur 1998, alizigeuza akatafuta lebo ndani. Pakistani. Tukaichukua ile nyekundu iliyochanwa, nayo Pakistani. Akasema nyingi zinatoka Sialkot, hukohuko wanakoshona mipira ya miguu. Kwa hiyo wanaosema "usinunue za nchi fulani" nimeacha kuwasikiliza. Mkono unaoweza kushona hii nyeusi upo mji huohuo na ule ulioshona nyekundu, tofauti ni oda iliyotolewa na bei aliyolipwa.

Hizi zimeandikwa aunsi 14. Kwa Mangi zilisoma 398 na 402, ilitakiwa 397. Gumba limekunjwa kufuata ngumi na limeshikwa kabisa. Shingo yake ni ndefu, inashika kifundo cha mkono hadi juu, ukipiga ile "huku" mkono haukunjiki. Bitana imeshonwa hadi kwenye ncha za vidole, nimevuta kwa hasira haikutoka. Wiki mbili za kwanza bega la kushoto lilinilaumu kwa uzito, likazoea. Gumba halijavimba tena hata siku moja.

Ubaya wake ni wa mitumba yote, mwenyewe wa kwanza alishakula utamu. Glovu ya kulia sponji imekufa pale kwenye vifundo: unaibonyeza kwa gumba, inabaki na shimo, inarudi polepole kama mkate. Ya kushoto bado inaruka. Inaonekana jamaa hakuwa mtu wa jabu, ile ngumi ya kunyoosha ambayo wengi huipiga kwa kushoto. Kocha aliibonyeza hivyohivyo akaniambia, "Dada fundi, piga begi, piga pedi ninazokushikia, ila hizo usimpigie mtu." Ni sawa, sponji iliyokufa inamwonea unayempiga. Siku ya kupigana mazoezi naazima. Na zikilowa kwa jasho zinachukua siku mbili kukauka, masika hata tatu.

Vifundo vyangu nimevitafutia dawa. Ile sponji ngumu ya glovu nyekundu niliikata vipande vinavyofunika vifundo vinne, nikavitia mfuko kwenye bandeji ninazojishonea mwenyewe kwa kitambaa cha jezi, mita 4.5 kila mkono. Sponji ile imefanya kazi nje ya glovu kuliko ilivyokuwa ndani.

Za mitumba nazipa 7 kwa 10. Za dukani 2, na hiyo 2 ni ya sponji. Bado nitanunua mpya siku moja, lakini safari hii nitakunja ngumi ndani yake nitazame gumba limekwenda wapi, nitauvuta mkono kwa ghafla nione kama bitana inanifuata, na muuzaji akinuna nikimwomba mizani nitaondoka.

Glovu nyekundu ya kushoto sikuichana. Ipo mezani kwangu karibu na cherehani, nachomekea pini.