Jeki ya tani 4 na spana ya msalaba kwa Hilux ya zamani: uzoefu wangu wa miezi kumi

Kwa miaka mitatu niliendesha Toyota Hilux ya mwaka 1996 nikiamini kwamba vifaa vya kubadilishia tairi ninavyo, kwa sababu nyuma ya kiti palikuwa na jeki ya chupa ya tani 5 niliyoinunua Kariakoo baada ya muuzaji kunihakikishia: "Mzee, hii inanyanyua hata Fuso." Sidhani kama alinidanganya. Nguvu jeki ile ilikuwa nayo. Kilichonitesa ni kimo chake.

Nililigundua hilo mchangani, kabla ya kufika Kimbiji, nikiwa nimebeba mifuko 12 ya saruji na tairi la nyuma la kushoto limeisha upepo kabisa. Jeki ikiwa imefungwa ilikuwa na sentimita 22, ilhali ekseli, yaani chuma kinachounganisha magurudumu ya nyuma, ilikwisha kushuka hadi sentimita 19 hivi kutoka ardhini, kwa hiyo haikuingia. Niliihamishia kwenye chesisi, yaani fremu inayobeba bodi, ikapanda hadi mwisho wa pistoni, lakini kilichonyanyuka kilikuwa bodi peke yake. Springi zilijinyoosha na tairi likabaki palepale. Mimi na kijana mmoja wa bodaboda tukaishia kuchimba shimo chini ya ekseli kwa jembe la kuazima. Hata nati zilitushinda mwanzoni, kwa kuwa fundi pancha alikuwa amezikaza kwa mashine ya upepo, na spana fupi iliyokuja na gari iliteleza nilipoikanyaga, ikala pembe za nati moja.

Wiki iliyofuata, kabla ya kwenda dukani, nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya siku nyingi: nilitoa upepo wote wa tairi moja la nyuma nikiwa nyumbani, nikapima kwa futi kamba kutoka sakafuni hadi chini ya ekseli. Tairi likiwa na upepo nilipata sentimita 29, na likiwa tupu nilipata 19. Kipimo cha pili ndicho cha kwenda nacho dukani, maana wauzaji wengi watakutajia tani tu. Gari kama hili likiwa tupu lina kama tani moja na nusu, na hata ukilipakia tani nzima, jeki hunyanyua upande mmoja wa ekseli, haibebi gari zima, kwa hiyo tani si tatizo.

Mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, nilipata jeki ya tani 4 yenye pistoni mbili, moja ikichomoza kutoka ndani ya nyingine, kwa shilingi 75,000 baada ya kupatana. Ikifungwa ina sentimita 17, na ikipanda yote inakaribia 40, urefu unaotosha kuingiza tairi la akiba lililojaa upepo. Nimekwisha kuitumia mara tatu, mara moja gari likiwa na mzigo, na haijawahi kushuka yenyewe. Mchangani bado nalazimika kuweka kipande cha ubao wa mninga chini yake ili isizame, na kwa kuwa ubao una unene wa sentimita 4, huwa nafukua kidogo kwanza ili ubao ukae ndani ya mchanga.

Spana ya msalaba yenye vichwa vya milimita 17, 19, 21 na 23 ndiyo iliyonifurahisha zaidi, ingawa bei yake ilikuwa shilingi 25,000 tu. Nati za Hilux yangu ni za 21. Mkono mmoja unavuta juu na mwingine unasukuma chini, hivyo spana haiinami wala haitelezi. Nati ngumu naivalishia bomba la nusu mita kwenye mkono wa spana, lakini wakati wa kulegeza peke yake. Ukikaza kwa bomba unaweza kuvuta stadi, ile bolti inayoshika nati, hadi ikatike. Nalegeza nusu mzunguko tairi likiwa bado limegusa ardhi, nikishazuia magurudumu ya mbele kwa mawe, ndipo nanyanyua.

Malalamiko ninayo. Mpini wa jeki una vipande viwili vinavyounganishwa kwa kubanana tu, na kiungo hicho kilianza kucheza mwezi wa pili. Vilevile, niliilaza jeki chini ya kiti kwa wiki chache, nikakuta zulia limelowa mafuta. Tangu hapo naisimamisha wima, nimeifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, na haijavuja tena.

Jambo moja sikulifikiria nilipokuwa nikipatana bei: tairi la akiba la pikapu hii hukaa chini ya bodi, likining'inia kwa mnyororo unaoshushwa kwa kuzungusha chuma kirefu kupitia tundu la nyuma. Mnyororo wangu ulikuwa umeshikana kwa kutu, na nilihitaji mafuta ya breki, nyundo na asubuhi nzima ya Jumapili kuufanya ushuke. Sasa naupaka grisi kila ninapobadilisha oili, na nimeutia kufuli, kwa sababu mtaani kwetu tairi linaloshuka kirahisi kwa mwenyewe hushuka kirahisi kwa wengine pia.