Singer 15K kwenye mfarishi: uzoefu wangu na tensheni yake

Cherehani ninayoizungumzia ni Singer 15K ya kukanyaga kwa miguu, zile nyeusi zilizotengenezwa Kilbowie, mjini Clydebank, Uskoti. Hiyo K ndiyo Kilbowie yenyewe, na kiwanda kilifungwa 1980. Mimi naitumia kwa mifarishi tu: viraka vya vitenge juu, pamba au faiba katikati, kitambaa cha mgongo chini. Kwa kazi hiyo naipa alama za juu kabisa. Inashona mshono ulionyooka tu, tundu la sindano kwenye bamba lake ni dogo kwa hiyo kitambaa hakizami pamoja na sindano, na ina nguvu ya kuvuka makutano ya viraka bila kugugumia. Watu wanaikatia tamaa kwa sababu ya tensheni, yaani mkazo wa nyuzi, na mara nyingi kosa haliko kwenye ile nati ya uzi wa juu wanayoizungusha kutwa nzima.

Anza chini. Toa kesi ya bobini (kile kikopo cha chuma kinachoshika bobini, kigurudumu cha uzi wa chini), itoe bobini, kisha ukague springi bapa iliyo ubavuni mwa kesi. Chukua kona ya karatasi ngumu (kadi ya mwaliko wa harusi inafaa sana) uipitishe chini ya springi hiyo. Kinachotoka ni kijivumbi cha nyuzi kilichogandana na mafuta, kidogo kama punje ya ufuta. Hicho kidogo kinatosha kuinua springi, uzi wa chini ukapita bila kubanwa na kuibuka juu ya mfarishi kama vidoadoa. Fundi akiona vidoa hivyo analegeza uzi wa juu. Baadaye uchafu unasogea, springi inabana tena, na sasa nyuzi za juu zinaning'inia chini. Ndiyo maana unasikia mtu akilalamika kwamba tensheni ya cherehani yake "haikai". Itakaaje? Angalia pia kama uzi umechimba mfereji kwenye springi baada ya miaka mingi. Ukiupapasa kwa ukucha na ukucha ukanasa, badilisha kesi, usijisumbue na skrubu.

Ukinunua kesi mpya, nenda na ile ya zamani mkononi. Kidole cha chuma kinachoifunga kesi isizunguke hakikai mahali pamoja kwenye matoleo yote; tofauti ni ndogo kwa macho lakini kesi haitakaa sawa. Habari njema ni kwamba muundo huu wa 15 ulinakiliwa sana Japani na China, kwa hiyo bobini, kesi na sindano zake hazina shida kupatikana.

Springi ikiwa safi, rudisha bobini. Uzi unapoingia kwenye mpasuko wa kesi lazima ugeuke kurudi ulikotoka, kama herufi V. Ukipita moja kwa moja bila kugeuka, bobini umeiweka kinyume, na uzi utachomoka kwenye springi wakati wowote. Kisha ning'iniza kesi kwa uzi wake. Ikae ilipo. Shtua mkono mara moja kwenda juu: kesi ishuke kama sentimita 2 hadi 5, isimame. Ikiporomoka hadi chini imelegea, isipotikisika kabisa imebana mno. Skrubu ya kurekebisha ni ile kubwa kati ya mbili zilizoshika springi. Ile ndogo iache. Hiyo kubwa igeuze kiasi cha mshale wa dakika unaotoka 12 kwenda 1, si zaidi, halafu pima tena. Fanya hivyo juu ya kitambaa cheupe, kwa sababu skrubu ikianguka kwenye sakafu ya saruji huioni tena.

Jambo linalosahaulika ni namna bobini ilivyojazwa. Kigurudumu cha mpira kwenye kijazio cha bobini kikichakaa, kinateleza, na bobini inajazwa kwa kulegalega. Ibonyeze kwa kidole gumba: iwe ngumu. Ikiwa laini kama pamba, uzi wake utavutika kwa kukazana na kulegea, na hakuna nati duniani itakayorekebisha hilo. Usijaze pia rangi mpya juu ya mabaki ya rangi nyingine.

Sindano ni ya mfumo wa 15x1, ambayo pakiti nyingi huandika 130/705H. Kwa mfarishi wa vitenge natumia namba 90/14. Pamba ikiwa nene au kukiwa na jinzi, 100/16. Upande bapa wa shina unaelekea kushoto, na uzi unaingia kutoka kulia kwenda kushoto. Cherehani nyingine za Singer zimegeuzwa kinyume cha hii, ndiyo maana mtu aliyezoea Singer 66 anaweza kuitunga vibaya na kuona stichi zinaruka. Sindano za viwandani zenye shina la duara lisilo na ubapa usiziweke humu hata kama zimeuzwa meza moja.

Sasa uzi wa juu. Tunga uzi mguu wa cherehani (ule unaobana kitambaa) ukiwa umeinuliwa, kwa kuwa mguu ukiwa juu visahani viwili vya tensheni huachana na uzi unazama katikati. Ukitunga mguu ukiwa chini, uzi unapanda juu ya visahani tu na chini ya mfarishi unapata kichaka cha nyuzi, hata ukaze nati hadi mwisho. Ukaguzi ni huu: mguu juu, vuta uzi, uteleze bure, shusha mguu, vuta tena, sindano ipinde kidogo. Usipoona tofauti, kuna kipande cha uzi kimenasa kati ya visahani au kile kijipini kinachovisukuma kimeganda. Fungua nati, toa vipande kimoja kimoja uvipange kwa mstari jinsi vilivyotoka, ufute. Migongo ya visahani iliyobinuka ndiyo inayotazamana.

Kile kispringi chembamba pembeni ya visahani nacho si pambo. Kinashika ulegevu wa uzi sindano inaposhuka, na kinapaswa kumaliza kazi yake pale tundu la sindano linapofika kwenye kitambaa. Kikivunjika au kikilala, uzi unajikunja chini ya sindano, unachomwa na kukatika. Wengi hufikiri uzi ni mbovu.

Jaribio la tensheni lifanywe kwenye matabaka matatu halisi, si kwenye kitambaa kitupu. Hapa ndipo penye siri yote. Kwenye shati, nyuzi mbili zinakutana ndani ya unene mdogo sana. Kwenye mfarishi zina nafasi ya kujificha ndani ya pamba, lakini uzi wa juu una safari ndefu zaidi ya kushuka. Tensheni iliyokuwa nzuri kwenye shati itaonekana imebana kwenye mfarishi. Weka uzi mwekundu juu na wa buluu chini, shona sentimita 15 kwa stichi 8 hadi 10 kwa inchi. Ukiona buluu juu, legeza nati robo mzunguko. Ukiona nyekundu chini, kaza robo. Kesi usiiguse tena. Mwanzo wa mshono, shika ncha zote mbili za uzi nyuma ya mguu kwa stichi tatu za kwanza, la sivyo zinavutwa chini na kufunga fundo.

Kuna tatizo linalojifanya tensheni na silo: mikunjo mgongoni mwa mfarishi. Hiyo ni kanieneo (nguvu ya kukandamiza) ya mguu, unaosukuma tabaka la juu mbele huku meno yaliyo chini ya kitambaa yakivuta la chini. Legeza skrubu iliyo juu ya nguzo ya mguu mizunguko miwili mitatu. Mguu unaotembea, yaani unaovuta pia tabaka la juu, ule wa shina fupi, unaingia kwenye 15K na kwa mistari mirefu sikushauri kushona bila huo.

Mafuta yawe ya cherehani. Ya kupikia yanakauka na kuwa gundi. Chini, pale ndoana inapokwenda na kurudi, tone moja kila unapomaliza bobini tatu nne, baada ya kupiga brashi. Pamba ya mfarishi inamwaga vumbi kuliko kitambaa chochote.

Kasoro yake kubwa ni nafasi: kutoka sindano hadi nguzo ya cherehani ni karibu sentimita 20 tu. Mfarishi wa futi 6 kwa 6 lazima uukunje kama mkeka na kuubeba begani, na uzito wake ukining'inia mezani unapinda sindano, stichi zinaruka, na mtu anakimbilia tena kwenye nati. Weka meza ya pili upande wa kushoto. Mimi pia nina kesi mbili: moja ya uzi wa kawaida, nyingine ya uzi mnene, na kila moja ina nukta ya rangi ya kucha kwenye skrubu na ubavuni, ili nikiigeuza nijue pa kuirudisha.