Ngazi tatu za karavani letu, mbili zimenishinda

Naandika hii kwa wenye karavani, zile nyumba za magurudumu, hapa Dar, najua hamko wengi ila mpo, maana kila nikitoka na letu lazima mtu anisimamishe aulize nimelitoa wapi. Letu ni la Kimarekani, tulilinunua kwa mtu aliyekuwa anarudi kwao, tunalipaki Kigamboni karibu na bahari na wikendi tunalikodisha. Ndani hakuna shida, shida ilikuwa ngazi ya mlangoni. Chumvi ilishaila mpaka ukikanyaga inalia kama kitanda cha bweni.

Siku ilipokufa ilikuwa Jumapili, shemeji anapanda na sufuria la pilau kalishika mikono yote miwili, stepu ya kwanza ikambeba vizuri, ya pili ikalala upande. Sufuria likaingia ndani peke yake, yeye akabaki kakaa mchangani anacheka, kumbe goti limeshatenguka kidogo, alichechemea wiki nzima. Nikainama kuangalia kule chini, ribiti moja (kile kipini cha chuma kinachoshikanisha vyuma) haipo kabisa na nyingine tundu lake halikuwa duara tena, limetanuka kama jicho la paka.

Sasa mjue hizi ngazi za zamani za Kimarekani zinavyofanya kazi, itawasaidia kwenye kununua. Inaning'inia kwenye chesesi, yaani fremu ya chini ya karavani, chini ya mlango, unaivuta inafunguka kama mkasi, na haigusi ardhi popote. Yaani uzito wote wa mtu unabebwa na zile ribiti na bolti. Ndio maana mtu akipanda karavani zima linaitikia kwa kichwa, na mtoto aliyelala anaamka. Wamarekani wenyewe wamezichoka, siku hizi wengi wanafunga aina nyingine ya alumini, kampuni ya Lippert wanaiita SolidStep na kampuni ya MORryde wana ya kwao inaitwa StepAbove. Hiyo ina miguu yake inasimama ardhini, ukitaka kuondoka unaikunja inapanda juu inakaa ndani ya mlango. Zipo pia za umeme wa volti 12, mlango ukifunguka inatoka yenyewe, nzuri kwenye video, ila mota kukaa chini ya gari kwenye mchanga wa Kigamboni mimi hapana.

Ya kwanza niliyojaribu ni kistuli cha plastiki, kile cha kukunja, nilikitoa Kariakoo kwa elfu ishirini na tano. Kwenye sakafu ya sebuleni ni kizuri. Kwenye mchanga mguu mmoja unazama na wewe unazama nao. Siku tatu tu nikampa dada anasimama juu yake kufuta madirisha.

Ya pili niliagiza mtandaoni, ya chuma, stepu mbili za kukunja, muuzaji kaniapia itaingia palepale ilipokuwa ya zamani. Laki nne na kitu mpaka inanifikia mkononi. Jamani matundu ya bolti yamepishana inchi mbili na ya chesesi! Nikampigia picha na futi ikiwa juu yake, akajibu "sawa dada tunafuatilia" na mpaka leo anafuatilia. Kosa langu pia lipo, sikupima umbali kati ya tundu na tundu, nilipima upana wa ngazi nikaona inatosha. Usipime upana, pima matundu, tena kwa inchi maana vya kwao vimekatwa kwa inchi.

Na tukiwa hapo hapo kwenye kupima, hili la urefu lilinichanganya sana. Kutoka ardhini mpaka kizingiti cha letu ni sentimita 68. Ukiweka stepu mbili unajidanganya unagawa kwa mbili, kumbe kupanda kutoka stepu ya juu kuingia ndani nako ni kupanda. Kwa hiyo stepu mbili ni mara tatu unanyanyua mguu, karibu sentimita 23 kila mara, na kwa Bi Mkubwa wangu mwenye magoti hiyo ni adhabu. Stepu tatu ni mara nne, sentimita 17 kila mara, hapo anapanda anaongea na simu. Na upime karavani likiwa na mzigo wake, tenki limejaa na friji ina vitu. Lita moja ya maji ni kilo moja, ukijaza lita 150 umepakia watu wawili wazima, letu lilishuka sentimita tatu nzima.

Basi nikaenda eneo la Gerezani, kwa mafundi wa kuchomelea. Nikamuonyesha fundi picha ya ile ya kusimama ardhini, akaitazama kwa muda, akauliza "hii inakunjwa inaenda wapi?" nikamwambia ndani ya mlango, akasema "basi bosi niletee kipimo cha mlango, sio cha ngazi." Hapo nikajua nimefika kwa mtu. Mlango wetu una sentimita 61 ndani, akatengeneza ya 57 ipite bila kukwaruza. Aliniahidi kesho saa nne, nikaipata siku ya nne, tuyaache hayo.

Katumia skwea paipu, juu ya stepu kaweka bamba lenye vile vinundu visivyoteleza. Miguu ni paipu ndani ya paipu, ina matundu na pini, unarefusha na kufupisha kila mguu kivyake, hiyo ndiyo iliyonifurahisha maana ufukweni hakuna sehemu iliyo sawa. Chini ya kila mguu nilimwambia achomelee kipande cha bamba cha kumi kwa kumi, na bado natanguliza ubao wa mninga chini yake, la sivyo jioni unakuta upande mmoja umeshuka. Pembeni kuna mkono wa kushikia. Jumla laki mbili na themanini na vifaa, na nilisimama naye mpaka mwisho wa kupaka rangi maana alitaka kupaka juu ya kutu.

Mtu akipanda sasa karavani halitikisiki. Kabisa. Uzito unaenda ardhini, chesesi imepumzika, na mle ndani chai haimwagiki.

Mabaya yake sasa. Nzito jamani, kilo kama ishirini, Bi Mkubwa hawezi kuikunja peke yake na mimi mwenyewe nikivaa dera nahangaika. Ya alumini ingekuwa nyepesi ila kuchomelea alumini si kila fundi anaweza, na ukiipata ya alumini usiifunge na bolti za chuma cha kawaida kwenye hewa ya bahari, vinalana, tumia stenlesi na uweke washa ya mpira katikati. La pili, ikikunjwa inaziba mlango, ukisimama njiani kuchukua maji kwenye friji lazima uishushe yote, na mchanga ulioganda kwenye stepu unaingia nao ndani, nimetandika jamvi pale. La tatu ni kelele, kwenye barabara mbovu inagonga gonga, nimezungushia tyubu ya baiskeli imetulia.

Halafu kuna jambo ambalo si kosa la ngazi ila wenye karavani za Marekani mlijue. Kwao wanaendesha kulia, kwa hiyo mlango uko upande wa kulia. Hapa kwetu ukipaki pembeni ya barabara mlango unafungukia kwenye magari. Ngazi ya kusimama ardhini inatokeza zaidi kuliko ile ya kuning'inia, mara ya kwanza nimeishusha pembeni ya lami bodaboda kaikosa kidogo tu na matusi nikapewa. Sasa siishushi mpaka tumeingia kiwanjani.

Miezi mitano imepita. Kona ya stepu ya chini kutu imeanza kutoka kama ukucha hivi, ni pale ambapo fundi hakupiga msasa vizuri na mimi nilikuwa nimeenda kununua maji. Jumamosi hii naikwangua, napaka redi oksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, halafu nikipaka rangi ya juu nainyunyizia mchanga mkavu kabla haijakauka na kupaka tena, maana vile vinundu watoto wakitoka baharini na miguu imelowa bado vinateleza.