Skrini ya wodi yenye vipande vitatu: tathmini ya mhudumu wa afya

Kifaa ninachokitathmini hapa ni skrini ya kukunja ya wodini, yaani fremu tatu za bomba za chuma zilizounganishwa kwa bawaba, zikawambwa kitambaa au plastiki nzito na kusimamishwa juu ya magurudumu madogo. Hospitali nyingi za wilaya na vituo vya afya nchini Tanzania, ambako wodi ni ukumbi mmoja mrefu wenye vitanda pande zote mbili, huitegemea skrini hii kwa kuwa hakuna reli za mapazia darini wala vyumba vya mgonjwa mmoja mmoja. Wauzaji wa vifaa tiba huiorodhesha pamoja na kabati za pembeni mwa kitanda na stendi za dripu, kama samani ya kawaida. Mimi naihesabu kuwa kifaa cha matibabu, kwa sababu mgonjwa asiyesitiriwa hukataa kuogeshwa, hujizuia haja hadi akaumia tumbo, na humjibu daktari nusu ya yale aliyopaswa kuyasema.

Sisi wahudumu wa afya ndio tunaoitumia kuliko kada nyingine yoyote. Muuguzi huihitaji anapoweka mpira wa mkojo na daktari anapopima, lakini kumwogesha mgonjwa kitandani, kumbadilishia shuka zilizolowa, kumpa bedpani na kumsafisha baada ya haja ni kazi za kila zamu, na zote humwacha mtu mzima akiwa mtupu mbele ya mtu asiyemjua. Pasipokuwa na skrini, ndugu hushika khanga kuzunguka kitanda. Khanga imewasitiri wengi na siidharau, ila walioishika nao wamo ndani ya ile sitara, na mgonjwa hakuulizwa kama anataka shangazi yake au mke wa kaka yake aone kidonda chake au nepi yake. Skrini inapowekwa, mhudumu anaweza kuwaambia ndugu kwa upole, “Mama, nawaomba mtusubiri nje kidogo,” na mgonjwa akabaki na yule tu aliyemchagua. Hiyo ndiyo faida yake kubwa, na inatosha kuhalalisha gharama ya kuinunua.

Tukija kwenye umbo lake, vipimo vinavyoandikwa na watengenezaji hudanganya macho ya mnunuzi. Skrini niliyozoea ina vipande vya upana wa sentimeta 60 hivi, kwa hiyo ikinyooshwa yote inakaribia sentimeta 180, ilhali kitanda cha wodini kina urefu wa takribani mita 2. Na kwa kuwa haiwezi kusimama imara bila kupindwa kwenye bawaba, urefu unaositiri kwa kweli ni mdogo zaidi. Inafunika upande mmoja wa kitanda, basi. Upande wa pili unabaki wazi kwa jirani, na miguuni panabaki wazi kwa kila apitaye katikati ya wodi. Anayetaka kumsitiri mgonjwa mmoja sawasawa anahitaji skrini mbili, na wodi inayonunua moja kwa vitanda vyote itajikuta ikichagua ni nani astahili heshima asubuhi hiyo.

Kuhusu kinachowambwa kwenye fremu, nina msimamo mkali. Kitambaa cheupe chepesi cha pamba kinapendeza dukani, lakini taa ikiwaka nyuma yake usiku, au jua likiingia kwa dirisha la upande wa pili, kivuli cha mwili wa mgonjwa huchorwa juu yake wazi kabisa, na wodi nzima huona mkono unapoinuliwa na nguo inapovuliwa. Kabla ya kupokea skrini mpya, mtu asimame nyuma yake na mwenzake awashe tochi ya simu mgongoni mwake. Kama umbo linaonekana, skrini hiyo irudishwe kwa muuzaji. Kitambaa pia hufungwa kwa kamba juu na chini, kinatakiwa kuvuliwa na kupelekwa dobi, na pale ambapo hakuna seti ya akiba fremu hubaki kuwa mifupa mitupu hadi nguo zirudi. Plastiki nzito ya kijani au bluu huzuia mwanga na hufutwa papo hapo kwa maji ya klorini ya asilimia 0.5, ambayo hupatikana kwa kuchanganya sehemu 1 ya dawa ya klorini ya asilimia 3.5 na sehemu 6 za maji. Usafi huu si jambo la pembeni, maana skrini hushikwa na mikono iliyotoka kumgusa mgonjwa kabla haijanawiwa, kisha ikasukumwa hadi kitanda kinachofuata. Tahadhari moja: klorini hula chuma, na fremu isiyofutwa kwa maji safi baadaye huanza kutu kwenye bawaba.

Magurudumu ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Yale ya plastiki ngumu hupasuka upesi kwenye sakafu yenye nyufa, na yasiyo na breki huiacha skrini ikitembea yenyewe feni inapovuma au mlango unapofunguliwa kwa nguvu. Niliwahi kuishika skrini kwa mguu huku mikono ikiwa imemgeuza bibi aliyepooza upande mmoja, na hali hiyo haimfai mgonjwa wala mhudumu. Breki kwenye magurudumu mawili ya pembeni zinatosha kuondoa tatizo hilo.

Yapo magurudumu yanayolia, na mlio wenyewe umenifunza jambo ambalo hakuna muuzaji anayeliandika. Katika wodi ambako skrini hutolewa kwa nadra, mlio wake ni tangazo. Wagonjwa huacha kuzungumza, hugeuza vichwa, na wakiiona imesimama kwenye kitanda fulani hukata shauri kwamba yule hali yake imekuwa mbaya au amekwisha kufariki. Kifaa kilicholetwa kuficha habari ya mgonjwa kinageuka kuwa njia ya kuitoa. Dawa ya tatizo hili ni kuitumia kwa kila mtu na kwa jambo dogo pia: kwa kijana anayebadilisha shati lenye damu, kwa mama anayenyonyesha akiomba utulivu, kwa mzee anayetaka kusali bila kutazamwa. Ikizoeleka hivyo, hakuna atakayeweza kusoma maana yoyote katika kuwekwa kwake, na hapo ndipo inapoanza kumlinda yule ambaye kweli hali yake ni nzito. Kwa sababu hii nasisitiza wingi wa skrini kuliko uzuri wake.

Kasoro yake kubwa haiwezi kurekebishwa na fundi yeyote. Skrini huzuia jicho, haizuii sikio, na ubaya ni kwamba waliomo ndani yake hujisahau, wakazungumza kama watu waliofunga mlango wa chumba. Nimesikia swali “Dawa za CTC unazimeza vizuri?”, yaani dawa za kliniki ya wanaoishi na VVU, likiulizwa kwa sauti ya kawaida nyuma ya plastiki, na mgonjwa wa kitanda cha pili akiwa hatua mbili tu kutoka hapo. Aliyeuliza hakuwa na nia mbaya. Aliona amezungukwa, akaamini yuko faraghani. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inataka matokeo ya kipimo cha mtu yawe siri, isipokuwa kwa hali ambazo sheria yenyewe imezitaja, na siri hiyo haipungui kwa sababu tu swali liliulizwa nyuma ya skrini. Mgonjwa anayeweza kukaa kwenye kiti cha magurudumu apelekwe chumba cha kufungia vidonda, mlango ufungwe, ndipo aulizwe. Asiyeweza kutoka kitandani aulizwe kwa sauti ya chini, mdomo ukiwa karibu na sikio lake, au aonyeshwe kichupa cha dawa bila kutaja jina na ajibu kwa kutikisa kichwa.

Ukingo wa skrini ni mahali pengine pa kujihadhari, kwa kuwa ndugu waliotolewa nje husimama hapo na kumvizia mhudumu anapotoka na beseni. “Dada, mama ana nini hasa? Sisi ni watoto wake.” Swali hilo limebeba upendo na hofu kwa pamoja, na kulijibu kwa ukali ni kosa. Jibu ninaloliona sahihi ni hili: “Poleni sana. Mimi siruhusiwi kueleza ugonjwa wake, lakini nitamwita muuguzi wa zamu, naye atamwuliza mama kwanza kama angependa mwelezwe.” Mhudumu huona mengi kuliko anavyodhaniwa, na kwa kuwa cheo chake ni kidogo watu humwona kuwa mlango rahisi wa kupitia.

Fremu nayo hugeuzwa kuwa msumari wa kutundikia vitu. Taulo si tatizo, lakini nimeona chati ya mgonjwa ikitundikwa juu yake kwa klipu, maandishi yakitazama nje, jina na ugonjwa vikisomeka na kila mgeni wa saa ya kuona wagonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na karatasi iliyotundikwa vibaya ni taarifa kama ile iliyo kwenye kompyuta. Simu ya mfanyakazi pia haina kazi ndani ya skrini, hata kama picha anayotaka kupiga ni ya kidonda kilichopona vizuri.

Pazia la reli ya darini hukizunguka kitanda pande tatu, halianguki wala halichukui nafasi sakafuni, na hospitali inayojenga wodi mpya ifikirie hilo kwanza. Kwa wodi ya zamani yenye paa refu lisilo na dari, skrini ya kukunja bado ndiyo chaguo linalowezekana, nami naipendekeza kwa masharti: plastiki nzito isiyopitisha mwanga, breki zisizopungua mbili, kimo kisichomruhusu mtu mrefu kuchungulia kwa juu, na angalau jozi moja kwa kila upande wa wodi. Mnunuzi amwulize muuzaji, kabla ya kulipa, kama anauza magurudumu na plastiki za akiba peke yake. Nimeona skrini nzima zikisimamishwa stoo kwa kukosa gurudumu moja, na kwa muuzaji asiyekuwa na vipuri hivyo nisingeshauri hospitali yoyote inunue hata moja.