Ada moja, walimu wawili, na mi mbili

Naandika maoni haya ya shule ya binti yangu nikiwa na hasira, mtanisamehe. Hata si ya leo, ni ya tangu siku ya wazazi muhula uliopita, ila kila nikikiona kile kisanduku cha violini kwenye kona ya sebule inaanza upya kama jino bovu. Jina la shule silitaji kwa sababu mtoto bado yupo pale. Ni moja ya hizi shule za sanaa za hapa Dar, muziki, uchoraji, ngoma, maigizo. Mambo ya ada na basi la shule ulizeni ofisini, wanajibu vizuri na kwa heshima. Mimi nina neno kuhusu noti moja tu.

Binti yangu ana miaka kumi na moja. Chombo chake ni kimoja lakini kinafundishwa na watu wawili. Jumanne yuko na mwalimu kijana, ambaye anakiita violini. Jumamosi yuko na mzee mmoja aliyepiga kwenye vikundi vya taarabu tangu ujana wake, naye anakiita fidla, ingawa chombo chake hasa ni ganuni, kile cha nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani. Siku namwandikisha sikujali. Niliona ni kama mtu kuwa na jina la ubatizo na jina la nyumbani, ukimwita lolote anaitika.

Siku ya wazazi mtoto alipangiwa kupiga bashraf fupi, kipande cha taarabu kisicho na uimbaji, mzee akimsindikiza na ganuni mapajani. Ukumbi umejaa, mafeni yanazunguka bila faida, wengine tumesimama. Hajafika hata nusu, mwalimu kijana akainuka kutoka mstari wa mbele, akashika mkono wa mtoto wenye upinde, akasimamisha muziki. Mbele ya watu wote! Akasema: "Hapo unashuka. Hii noti ni chafu. Nani amekufundisha uchafu huu?"

Mwenye kumfundisha amekaa hatua mbili kutoka pale, kwenye kiti cha plastiki.

Mtoto kimya. Mzee hakusema kitu. Akainamisha kichwa, akaigonga ileile noti kwenye ganuni, mara tatu, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa. Kisha akavua zile pete zake za kupigia na kuzitia mfukoni. Mwalimu kijana akageuka kwetu na tabasamu: "Wazazi, tutaanza upya na kipande cha mtihani." Tukapiga makofi. Na mimi nikapiga makofi, ndicho kinachoniuma.

Sasa nieleze hiyo noti, maana usiku ule sikulala, nilisoma na kuulizia mpaka simu ikazima. Mzee alikuwa amemfundisha maqamu ya rasti, yaani mpangilio mmoja wa noti wa muziki wa Kiarabu. Ukianzia do, mi ya rasti haikai pale tulipoizoea. Iko katikati, chini ya mi yetu, juu ya ile iliyoshushwa. Kwenye kinanda haipo. Utatafuta kitufe chake mpaka ukuchwe, hakuna hata ufa wa kuingiza kucha. Kwenye ganuni ipo, kuna vishikizo vidogo vya chuma chini ya nyuzi ambavyo mpigaji anavipandisha na kuvishusha kupata sauti za namna hiyo. Kwenye fidla ni rahisi zaidi, kwa kuwa ubao wake hauna vizuizi kama vya gitaa. Kidole cha kwanza kwenye uzi wa re kinatua nyuma kidogo, basi. Ndiyo maana Waarabu waliipokea fidla bila taabu, na taarabu ya pwani yetu ikaichukua kwa njia hiyohiyo. Mwaka 1932 mabingwa walikutana Cairo, hata Bartók, mtunzi wa muziki wa Hungaria, alikuwepo, wakabishana sauti hizi zipimwe vipi, kama oktava, ile nafasi ya do hadi do ya juu yake, igawanywe sehemu 24 zilizo sawa au la. Watu wazima wenye ndevu walibishana juu ya noti hii na hawakumalizana. Huyu wetu kaimaliza kwa neno moja: chafu.

Nilikwenda ofisini Jumatatu yake. Niliambiwa, kwa upole mwingi, kwamba shule ina "falsafa mbili za ufundishaji" na mzazi ana uhuru wa kuchagua. Mbona kwenye kipeperushi kuna picha ya yule mzee na ganuni yake, chini imeandikwa tunaenzi muziki wetu? Unamuenzi mtu kwenye picha, ukumbini unamwita mchafu?

Nipumue kidogo. Haki ya mtu tumpe. Mwalimu kijana anafika dakika tano kabla ya saa. Mtoto alikuja kwake akishika upinde kama mwiko wa ugali, leo mkono umenyooka. Sasa mtoto anasoma noti kwenye karatasi ambayo hajawahi kuiona na anaipiga, jambo ambalo mimi na kwaya yangu ya usharika, tuliolelewa na d-r-m za sol-fa, hatuliwezi hadi leo. Mwalimu anamwandaa kwa mitihani ya muziki ya ABRSM ya Uingereza, gredi ya 1 mpaka ya 8, alama 150 na ukipata 100 umefaulu, na kwenye mitihani hiyo mtoto wa violini anapiga akisindikizwa na piano. Ukipiga mi ya rasti pale, kinanda kitakuumbua. Kwa hiyo siwezi kusema anakosea. Kwenye chumba chake ana haki. Amembandikia mtoto tepu nyembamba nyeupe kwenye ubao wa violini, kila kidole na mstari wake, na kwa mtoto anayeanza inasaidia kweli.

Na mzee naye si malaika. Saa tatu kwake ni saa nne kasoro. Nusu ya kipindi ni kahawa na hadithi za nani aliimba wapi na nani alitunzwa noti ngapi. Hana daftari, hana zoezi la kupeleka nyumbani. Anapiga kipande kifupi, mtoto anarudia, akikosea anapiga tena kilekile, hasemi umekosea wapi. Mtoto akiuliza, "Babu, mbona hivi?" jibu ni "Sikiliza." Mwezi mzima walikaa kwenye sehemu ya mwanzo ya bashraf. Nilikuwa nakokotoa ada kichwani nikiwa nje kwenye benchi. Tena kuna siku alilegeza nyuzi mbili za juu, zikawa sol-re-sol-re kama wanavyotyuni Waarabu, akasahau kuzirudisha. Jumanne mwalimu kijana akazikaza kwa hasira, uzi wa mi ukakatika, na risiti nikaletewa mimi.

Nilikuwa nimeandika hapa kwamba mtoto wako mpeleke kwa kijana, Jumamosi mwache alale. Nimefuta. Maana baada ya ile siku mzee hakulalamika popote. Jumamosi iliyofuata mtoto akamwamkia, "Shikamoo babu," akajibiwa, "Marahaba mjukuu wangu, kaa." Akamwekea kwenye simu yake ya zamani sauti ya Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, zile sahani za santuri zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928, zinakwaruza kama mvua kwenye bati. Akamwambia asikilize fidla tu, aachane na uimbaji. Mtoto aliporudi nyumbani akaniambia, "Mama, na wao wanashuka. Wote pamoja."

Hapo ndipo niliponyamaza. Kwa sababu kwa miezi, kabla ya mwalimu yeyote kusema, mimi mwenyewe nikiwa jikoni nakata vitunguu nilikuwa nikimpigia kelele: "Mwanangu, hapo unashuka, panda kidogo!" Nimeimba alto kwenye kwaya miaka ishirini, sikio langu naliamini. Naye alikuwa akipanda kidogo, kuniridhisha, halafu Jumamosi anashushwa tena.

Nyota nilitaka kutoa moja. Kwa mzee ningetoa tano angekuwa na saa ya mkononi. Kwa kijana nne, tukiiondoa siku ile, na siku ile haiondoki. Hajaomba radhi, si kwa mzee wala kwa mtoto. Wekeni tatu, nisionekane nina chuki. Au mbili. Ada ya muhula ujao nimeshalipa, wote wawili, msiniulize kwa nini.

Mtoto hajaniuliza falsafa ipi tuchague. Ijumaa usiku anaibandua ile tepu nyeupe polepole kwa ukucha, anaibandika nyuma ya jalada la kitabu cha noti. Jumatatu usiku anairudisha mahali pake. Juzi kaja kuniambia imeisha gundi, ninunue nyingine.